Daftari la mgonjwa: namna ya kumlinda mtu wako hospitalini

Dawa za mamangu hukaa katika kikapu kidogo cha ukili, kimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, Kibokoni. Usiku ule wa Ramadhani ya 2023 tulipomkimbiza hospitalini kwa tuktuk, ndugu yangu alikinyakua kikapu hicho bila hata kufikiri, na mimi naamini hicho ndicho kilichomwokoa. Daktari wa zamu, msichana mdogo mwenye macho mekundu ya kukesha, alikimwaga chote juu ya shuka. Akaanza kuzitenga pakiti kama mtu anayechambua mchele, hizi huku, hizi kule. Upande mmoja dawa mbili za presha ambazo mamangu amezimeza kwa miaka 11. Upande wa pili diklofenaki kutoka kliniki ya mtaani, ibuprofeni kutoka kwa kemisti, na karatasi inayoonyesha kwamba amechomwa sindano mbili za maumivu ndani ya wiki moja.

Akainua uso. "Dada, hizi zote ameandikiwa na nani?"

Nikamwambia, watu tofauti.

"Na kila mmoja alijua za mwenzake?"

Sikuwa na jibu. Mambo yalianza na goti. Mamangu alikuwa na miaka 68, amefunga, joto la Mombasa halijapoa. Goti likamvimba, akaenda kliniki baada ya tarawehe, akachomwa sindano na kupewa vidonge. Maumivu yakatulia siku tatu, yakarudi, akachomwa tena. Kati ya sindano hizo mbili akamtuma mjukuu kwa kemisti akaletewa vidonge vingine. Kufika siku ya kumi miguu imefura, mkojo umekuwa wa matone, chakula hakipiti, kwikwi haimwachi. Damu ilipopimwa, figo zilikuwa zimezidiwa.

Yule daktari alitueleza kwa mfano wa mfereji na tangi, nami sijausahau. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Enalaprili, ile dawa ya presha, hulegeza mshipa wa kutokea. Dawa ya pili ya presha, ya kukojoza, hupunguza maji ya mwili mzima. Moja moja, figo nzima huzistahimili. Zikutane zote tatu katika mwili wa mzee aliyefunga na kutoka jasho mchana kutwa, basi tangi halina maji, bomba la juu limebanwa, la chini limeachwa wazi, na chujio halina msukumo wa kuchuja.

Alilazwa siku tisa. Alhamdulillahi hakufika kwenye mashine ya kusafisha damu, ila figo hazikurudi zilivyokuwa.

Nimeliwaza jambo hili usiku mwingi nikiwa kwenye cherehani yangu Majengo, na sijampata mtu mbaya ndani yake. Kijana wa kliniki alitibu goti. Kemisti aliuza dawa ya maumivu kwa mtoto aliyetumwa dawa ya maumivu. Wa presha aliandika dawa za presha miaka mingi iliyopita, na zilifanya kazi yake. Kila mmoja aliona kipande chake. Aliyepita milango yote ni mamangu peke yake, na hakuna aliyemuuliza, wala sisi wanawe hatukumuuliza. Ndiyo maana ninayoyaandika hapa nayaelekeza kwako wewe unayemsindikiza mgonjwa. Mimi ni fundi wa kushona, si muuguzi. Lakini hospitali nzima haina mtu mwingine anayepita milango yote pamoja na mgonjwa isipokuwa wewe.

Wala hili si la mtaa wetu tu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hudhurika kwa matibabu yenyewe, kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa, na kwamba watu zaidi ya milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Tangu 2019, tarehe 17 Septemba imekuwa siku ya dunia ya usalama wa mgonjwa. Na Wakenya bado tunakumbuka mwaka wa 2018, Nairobi, mtu alipofunguliwa fuvu la kichwa na damu iliyoganda ikatafutwa humo isionekane, kumbe aliyepaswa kupasuliwa ni mwenzake.

Anza na daftari

Nunua lile la kurasa 32 la watoto wa shule. Watu wengi wa hapa tayari tunalo, kwa sababu hospitali za umma hutuandikia humo humo, lakini hilo hulijaza wao. Hili lijaze wewe. Ukurasa wa kwanza wa daftari la mamangu uko hivi:

*Mama. Kazaliwa 1955. Kilo 71. Presha tangu 2012. Figo ziliumia Aprili 2023.*
*ASIPEWE: diklofenaki, ibuprofeni, wala sindano wala kidonge chochote cha jamii hiyo.*
*Amlodipini 5 mg, kimoja asubuhi. Ya presha. Kaandikiwa Mei 2023 badala ya enalaprili.*
*Parasetamoli 500 mg, viwili goti likiuma, visizidi vinane kwa siku nzima.*
*Kapasuliwa kidole tumbo 1989. Penisilini haina shida naye.*

Yatazame maneno "badala ya". Dawa ikibadilishwa, andika ilibadilishwa na nini na kwa nini, la sivyo ile ya zamani itabaki kikapuni na siku moja mtu atamezeshwa zote mbili. Dawa iliyoachwa itoe nyumbani, mpelekee mfamasia, usiiweke akiba kwa ajili ya jirani.

Jina la dawa linakili kutoka kwenye pakiti, herufi kwa herufi. Pakiti huwa na majina mawili: lile kubwa la kampuni, na lile dogo chini yake la dawa yenyewe. Andika lile dogo. Hapo ndipo wengi hujikwaa, maana Brufen ni ibuprofeni, Panadol ni parasetamoli, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu anameza Panadol mbili kwa kichwa, anaongeza ya mafua, anafikiri ni vitu viwili, kumbe ameongeza kitu kile kile. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na huliharibu kimya kimya, siku ya kwanza mtu hajihisi vibaya.

Andika na zisizo za hospitali: mwarobaini, shubiri, habasoda, dawa za duka la kisuna, yaani tiba za Kiislamu, chai za kupunguza unene. Wazee wetu huzificha wakifika kwa daktari kwa kuogopa kugombezwa. Mweleze mzee wako kwamba daktari hahitaji kuzipenda, anahitaji kuzijua. Na ikiwa mgonjwa amefunga, liandike hilo pia na liseme mapema. Laiti tungelisema.

Kalamu iwe ya wino. Penseli hufutika kwa jasho la mkono.

Maneno ya kusema kabla ya sindano

Hapa ndipo watu huniambia, "Lakini utamuulizaje daktari? Ataona unamdharau." Naelewa. Sisi tumelelewa kumheshimu mwenye elimu, na mgonjwa akiwa anaumia unataka tu mtu amshike haraka. Lakini heshima na swali hukaa pamoja vizuri kabisa. Mimi husema hivi, na huyasema kabla sirinji haijafunguliwa:

"Daktari, samahani. Mama ana presha na figo zake ziliwahi kuumia. Dawa anazomeza ni hizi hapa. Hii unayompa inaitwaje, na itakwenda sawa na hizi?"

Kisha namkabidhi daftari mkononi. Kumkabidhi ni muhimu kuliko kumsomea, kwa sababu atalitazama kwa macho yake. Sijawahi kufukuzwa. Wengi hushukuru, kwa kuwa mbele yake kuna foleni ya watu hamsini na hana namna ya kujua yaliyotokea kwa mwenzake wiki iliyopita. Akikasirika mtu kwa swali kama hilo, mimi hurudia mara ya pili kwa sauti ile ile, na nisipojibiwa namwambia kwa upole, "Basi naomba tusubiri kidogo nimuulize mkubwa wako." Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imempa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoifahamu, na haki ya kukataa. Kiswahili ni lugha yetu. Usione haya kusema, "Nieleze kwa Kiswahili."

Ujue pia anayekutibu ni nani. Mitaani kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari. Anaweza kuwa daktari, afisa wa kliniki, muuguzi au mfamasia, na kila mmoja ana kazi yake na baraza lake la kumpa leseni. Afisa wa kliniki mzuri amewaokoa wengi katika nchi hii. Asiye na leseni yoyote ndiye wa kuogopwa. Kliniki na duka la dawa lililosajiliwa hutundika leseni ukutani. Angalia na mwaka wake.

Na hili la sindano lazima niliseme kwa sababu ni letu wenyewe. Mzee akitoka kliniki bila kuchomwa huona hakutibiwa. Mamangu aliiomba ile sindano ya pili kwa mdomo wake. Mwenye kliniki naye anajua asipomchoma atakwenda jirani. Kwa maradhi mengi ya kawaida kidonge hufanya kazi sawa na sindano, na kidonge hakipigi mshipa, hakiachi jipu, wala hakileti maradhi ya damu ya mtu mwingine. Mtu mwenye akili zake, anayemeza bila kutapika, ana haki ya kuuliza, "Hakuna cha kumeza?"

Matibabu usiyoyahitaji

Nikisema matibabu yasiyohitajika watu hudhani ni ya matajiri peke yao. La. Yako Kongowea, yako Likoni, yako kila penye kibao cha kliniki na maabara ya chumba kimoja.

La kwanza ni homa. Mtoto ana joto, basi ni malaria, apewe dawa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limesema kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo cha tone la damu kutoka kidoleni hutoa jibu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Hapa pwani malaria ipo kweli, kwa hiyo kipimo usikiruke wala usikidharau. Lakini kikisema hapana, uliza, "Basi ni nini?" Dawa ya malaria kwa mtu asiye na malaria humwacha na ugonjwa wake wa kweli ukiendelea ndani.

La pili ni taifodi. Nani hapa Mombasa hajawahi kuambiwa ana "malaria na taifodi" kwa pamoja? Kipimo kinachotumiwa mara nyingi huitwa Widali, cha tangu 1896. Kinachotafuta si mdudu bali alama ambazo mwili hutengeneza ukikutana na mdudu, na alama hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani, za chanjo, au za mdudu mwingine anayefanana naye. Kipimo kimoja cha Widali hakitoshi kumtia mtu sindano za siku saba. Kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, kinachochukua siku kadhaa. Binamu yangu wa Changamwe alitibiwa taifodi mara nne kwa mwaka mmoja. Mara ya tano alikwenda hospitali kubwa, akakutwa na vidonda vya tumbo.

Antibayotiki kwa mafua nitaipita haraka kwa sababu imesemwa sana: mafua huletwa na virusi, antibayotiki haiui virusi, na kila ukimeza bure unawafunza wadudu wengine kuizoea. Kutundikiwa maji kwa sababu ya uchovu ni hivyo hivyo. Anayeweza kunywa, madafu na maji ya kawaida humtosha.

Presha ndiyo yenye mtego. Kuna anayeandikiwa dawa za maisha kwa kupimwa mara moja, ametoka kupanda ngazi, mkojo umembana, mkono unaning'inia. Akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, asizungumze. Arudiwe. Na apimwe siku nyingine pia kabla ya kuandikiwa, isipokuwa iwe juu sana au awe na dalili mbaya.

Kwa picha, vipimo vya bei na upasuaji usio wa dharura, maswali yangu ni haya, nami huyauliza yote kwa pumzi moja: "Kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu yake? Kuna njia nyepesi zaidi? Tukisubiri wiki mbili itakuwaje?" Mgongo unaouma bila ganzi, bila homa, bila kushindwa kuzuia haja, mara nyingi hupona wenyewe ndani ya wiki chache, na picha ya gharama huonyesha mikwaruzo ambayo hata mzima anayo. Ukiambiwa mama mjamzito apasuliwe, uliza sababu, kisha usikilize jibu kwa makini, maana upasuaji wa uzazi ukihitajika kweli huokoa roho mbili na kila dakika ina thamani yake.

Hapa nasimama nikusihi. Kuna mambo hayana kusubiri wala kujadiliana: kifua kinachobana, kushindwa kupumua, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla au mdomo kwenda kombo, degedege, mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, mjamzito anayetoka damu au anayeumwa kichwa na kuona kiwi. Hapo kimbia, maswali utauliza njiani. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na asije mtu akasoma maneno yangu akaacha dawa yake ya presha au ya sukari kwa uoga. Nimemzika shangazi yangu kwa kuacha dawa za presha. Uliza, usiache.

Mkiwa wodini

Wodi ya mamangu ilikuwa na kina Fatma watatu. Siku ya nne, saa kumi na mbili jioni, zamu zikibadilishana, muuguzi alikuja na trei akasema, "Fatma, sindano yako." Mamangu akanyoosha mkono kama alivyozoea. Mimi nikasema, "Sista, Fatma yupi?" Akatazama karatasi, akatazama kitanda, akanyamaza. Ilikuwa ya kitanda cha dirishani. Akanishika bega akasema, "Asante, dada," na tangu hapo alikuwa akimwita kila mgonjwa kwa majina matatu. Yeye peke yake alikuwa na wagonjwa wengi kuliko vidole vyake.

Basi fanya hivi. Mgonjwa asijibu "ndiyo" kwa jina moja, aseme mwenyewe majina yake yote na mwaka aliozaliwa. Saa za kubadilishana zamu ndizo za kuwa karibu zaidi, kwa sababu maneno hupotea njiani kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine. Kama saa za kuwaona wagonjwa haziruhusu, mwombe sista mkuu, mweleze kwamba mzee wako hasikii vizuri. Andika kila dawa inayoingia na saa yake. Mtu anayemgusa mgonjwa awe amenawa au amepaka dawa ya mikono. Ukiona hakunawa sema, "Sista, maji yako pale," kwa sauti ya kumsaidia. Tazama mahali sindano ya maji ilipoingia mkononi kila asubuhi: pakiwa pekundu, pamevimba au panauma, waambie waitoe. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, hata usiku, kwa sababu kidonda cha kulala huanza kwa alama nyekundu tu mgongoni au kisiginoni.

Akipelekwa thieta, uliza kama wanatumia ile orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ya 2008. Ni karatasi moja yenye mambo 19: jina la mgonjwa, upasuaji gani, upande upi, ana mzio wa nini, kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake, na mwishoni vitambaa na vyuma vihesabiwe kabla hajatoka. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara, Tanzania, na matokeo yake yakatoka 2009: vifo vilishuka kutoka 15 hadi 8 katika kila wagonjwa 1,000. Ni karatasi tu, na kuulizana kwa sauti. Kama ni goti la kulia, hakikisha limetiwa alama ya wino mgonjwa akiwa macho bado.

Siku ya kutoka ndiyo yenye haraka kuliko zote. Ndugu wanahangaika na bili na mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, tuktuk inangoja nje, na karatasi ya dawa inatiwa mkobani bila kusomwa. Kaa kitako. Uliza tatu: zipi mpya, zipi aendelee nazo, zipi aache. Mpya ziingie daftarini hapo hapo. Uliza pia ni dalili gani zitakurudisha kabla ya siku ya kliniki.

Dawa za mtoto

Mtoto hupewa dawa nyingi kwa kilo, si kwa kukisia, kwa hiyo apimwe uzito siku ile ile. Dawa ya maji ya parasetamoli huuzwa ya 120 mg kwa kila mililita 5, na pia ya 250 mg kwa mililita 5. Jina moja, chupa zinafanana, nguvu mara mbili. Soma namba kila unaponunua, na utumie kikombe au sirinji ya kupimia iliyokuja na chupa. Kijiko chako cha chai cha nyumbani hakina kipimo maalumu.

Likishatokea

Mgonjwa akibadilika baada ya dawa, akawashwa, akavimba uso, akakosa pumzi, paza sauti hapo hapo. Simamisha kilichobaki. Andika saa. Weka pakiti, chupa, sirinji, hata karatasi ya kufungia, usiruhusu vitupwe. Piga picha ya kilichoandikwa kitandani.

Kisha omba nakala ya faili. Kumbukumbu za matibabu ni habari zako binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona. Omba kwa barua, weka nakala. Lalamiko lipeleke kwanza kwa mkuu wa kituo, kwa maandishi, ukieleza tarehe, saa, nani alifanya nini, bila matusi. Usiporidhika, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya madaktari na hospitali, maafisa wa kliniki na wauguzi wana mabaraza yao, na Bodi ya Dawa na Sumu hupokea taarifa za dawa zilizomdhuru mtu au zenye kasoro.

Mimi sikufika huko. Nilirudi kliniki ile na daftari jipya, nikamwomba yule kijana nafasi baada ya wagonjwa kwisha. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nikamsomea siku kwa siku. Nilipofika kwenye enalaprili alifunika uso kwa viganja viwili akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, nisamehe. Sikumuuliza." Nilikuwa sijasikia neno hilo kwa mtu yeyote tangu mamangu alazwe, na nilipolisikia hasira ilinitoka nikalia mbele yake. Ukikosewa, mwombe mkosaji akueleze ukweli. Wapo watakaokataa kwa kuogopa kesi. Omba hata hivyo.

Mamangu hasomi herufi za Kizungu, ila huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa chuoni utotoni. Akaniambia daftari lile ni langu, si lake, maana halisomi. Kwa hiyo tuliligeuza, tukaanza upande wa pili, kutoka kulia, akaandika mwenyewe kwa mkono wake majina ya dawa asizopaswa kupewa, namsomea naye anaandika. "Diklofenaki" ilimchukua mara tatu hadi akaridhika na herufi zake.

Mwezi uliopita goti lilivimba tena, mimi niko safarini Lamu kwenye harusi. Alikwenda kliniki na mjukuu wake. Mtoto ananisimulia kwamba mwuguzi mgeni alikuwa tayari ameshika sirinji, bibi akamwinulia kiganja, akatoa daftari kikapuni akalifungua upande wake. Yule mwuguzi akatazama akasema, "Bibi, mimi haya siyasomi." Mamangu akavaa miwani, akaanza kumsomea.